Usianze na tani: namna ya kuchagua jeki ya tela

Jiwe lile bado ninalo nyumbani, Nyegezi. Ni bamba la jiwe gumu la kijivu, ukubwa wa sinia la kulia watu wawili, na juu yake kuna mkwaruzo mweupe wenye urefu wa kidole. Mkwaruzo huo uliachwa na kitako cha jeki ya chupa ya tani 5, siku tuliyopata pancha kando ya barabara ya Musoma, mbele kidogo ya Magu. Tela la ekseli moja lilikuwa limebeba boti ya faiba, na tairi la kushoto lilikuwa limechanika hadi waya zinaonekana.

Tairi bovu tulikuwa tumeshalitoa. Kijana ninayesafiri naye alikuwa amechuchumaa, spea ameiegemeza magotini, anatafuta matundu ya bolti. Nikasikia mlio mkavu wa chuma juu ya jiwe. "Toa mkono!" Akautoa. Habu, kile kitovu cha chuma kinachofungwa tairi, ikaanguka na kuzama udongoni, na jeki tuliikuta mtaroni, hatua nne kutoka pale ilipokuwa imesimama. Hakuumia. Alikaa kwenye majani, akavitazama vidole vyake kimoja baada ya kingine, na kwa muda mrefu hakusema neno.

Nilipoiokota ile jeki, ilikuwa nzima. Haikuvuja, haikupinda, na uzito uliokuwa juu yake haukufika hata robo ya tani zilizoandikwa ubavuni. Nilikuwa nimenunua jeki kubwa nikiamini ukubwa ndio usalama. Kumbe kosa lilikuwa chini ya kitako chake, na hilo halikuandikwa popote kwenye lebo.

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza, "Jeki ya tani ngapi itafaa tela langu?" simjibu kwa tani. Namuuliza tela lake linapita kwenye udongo gani, chesisi, yaani fremu ya chini ya tela, inabaki juu kiasi gani tairi likiwa limeisha upepo, na kichwa cha jeki kitagusa chuma kipi. Tani nazo zina nafasi yake, lakini hesabu yake ni nyepesi, kwa hiyo tuimalize mapema tuiweke pembeni.

Tela halilali lote juu ya jeki. Lile langu, pamoja na boti na injini, lilikuwa na kilo 1,600 hivi. Sehemu ya uzito huo, tuseme kilo 100, inakaa kwenye ndoano ya gari linalovuta. Zinabaki 1,500 kwa matairi mawili, yaani kilo 750 kila upande, na hicho ndicho jeki ilichokuwa imebeba. Tela la ekseli mbili hesabu yake ni tofauti kidogo. Likiwa na kilo 2,800, na asilimia 10 yake ikiwa imelala kwenye ndoano, matairi manne yanagawana 2,520. Kila tairi lina 630, lakini ukiinua chesisi ya upande mmoja unanyanyua matairi mawili ya upande huo kwa pamoja, kwa hiyo weka 1,260. Mimi huongeza nusu ya hesabu, kwa ajili ya mzigo uliopakiwa vibaya, au boti iliyobaki na maji ndani, au ardhi iliyolala upande. Utaona kwamba jeki ya tani 2 au 3 inatosha matela mengi tunayovuta na Land Cruiser au pikapu. Jambo moja tu la kuchunga: jeki za mtumba kutoka Marekani huandikwa kwa ratili, na ratili 4,000 ni kilo 1,814 tu. Hata tani yao ni kilo 907, si 1,000.

Basi kwa upande wa tani tumemaliza.

Kabla ya kushuka ardhini, inafaa kuelewa jeki ya chupa inafanya nini, kwa kuwa ndiyo iliyojaa kwenye maduka ya spea mjini Mwanza na ndiyo wengi wetu tunatembea nayo. Ndani yake mna pistoni mbili, ndogo unayoipampu kwa mpini na kubwa inayoinua mzigo, na katikati yake kuna oili. Oili haibonyezeki, kwa hiyo msukumo unaoutia upande mmoja unafika upande wa pili bila kupungua kwa kila sentimita ya mraba. Kanuni hii ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, na mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah akapata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mashine ya kugandamizia inayotumia kanuni hiyo. Pistoni ndogo ikiwa na kipenyo cha sentimita 1 na kubwa sentimita 3, eneo la ile kubwa ni mara 9, basi nguvu nayo inakuwa mara 9. Mpini nao ukiongeza mara 15, jumla ni mara 135. Ukibonyeza kwa nguvu ya kilo 20, upande wa pili zinanyanyuka kilo 2,700.

Hesabu hiyo inafurahisha, lakini ina mambo mawili ambayo dereva anapaswa kuyaweka kichwani. La kwanza, mkono wako hauhisi hatari. Ukisukuma kitu kizito kwa bega, mwili unakuambia mapema kwamba kinaelemea. Kwa jeki ya oili, mtoto wa darasa la saba ananyanyua boti nzima huku anaongea, na tela linapoanza kuegemea upande, mpini unabaki mwepesi vilevile. Macho ndiyo yanayopaswa kufanya kazi hiyo. La pili, uzito wote ule unazuiliwa na sili, pete nyembamba za mpira, pamoja na kigololi kidogo kinachoziba njia ya oili. Chembe moja ya mchanga wa ziwani ikipenya hapo, jeki inaanza kushuka taratibu. Kuipima ni rahisi: inua tela nyumbani, piga mstari wa chaki kwenye pistoni pale inapotokea, nenda kanywe chai, rudi baada ya nusu saa. Mstari ukiwa umezama, jeki hiyo ipeleke kwa fundi abadilishe sili, au iache. Usiniambie kwamba inashuka polepole. Inashuka polepole mpaka siku sili inapopasuka.

Sasa ardhi.

Wasukuma wana majina ya udongo ambayo yangefaa yaandikwe kwenye vitabu vya udereva. Ule wa kichanga wa kwenye miinuko wanauita luseni; ule mweusi mzito wa mabondeni, unaolimwa mpunga, ni mbuga. Luseni inakimbia chini ya kitako cha jeki, kila unapopampu mchanga unatoka pembeni. Mbuga ni ya hila zaidi. Kiangazi inakauka na kupasuka nyufa, ukikanyaga unadhani ni saruji, ila ukiibebesha tani moja kwenye eneo dogo ukingo wa ufa unameguka. Masika inakuwa kama ugali uliokosa moto, na jeki inazama badala ya tela kupanda. Kutoka Mwanza kwenda Lamadi unapita kwenye udongo wa namna zote hizo, mara nyingi ndani ya saa moja tu ya safari hiyo.

Angalia kitako cha jeki ya chupa ya kawaida. Ni kama sentimita 10 kwa 10, eneo la sentimita za mraba 100. Ukikiwekea kilo 750, kila sentimita ya mraba ya ardhi inabebeshwa kilo 7.5. Sasa weka chini yake ubao wa sentimita 30 kwa 30, unene usiopungua 5. Eneo linakuwa 900, na kila sentimita inabeba chini ya kilo moja. Ubao mmoja umepunguza mgandamizo mara 9, kwa hesabu ileile ya Pascal ikigeuzwa kichwa chini miguu juu. Ndiyo maana nasema ubao ni nusu ya jeki. Anayenunua jeki ya laki na nusu akaacha ubao hajanunua jeki.

Ubao uwe wa mti mgumu, mninga ukiupata, usiwe na ufa unaofuata nyuzi wala fundo katikati. Ukiunganisha mbao mbili nyembamba, ziungane kwa misumari, nyuzi za moja zikikatiza za nyingine, ili moja ikipasuka nyingine iishike. Tofali la saruji halifai kabisa, hasa lile lenye matundu: linabeba uzito vizuri kwa dakika kadhaa, halafu linasagika lote kwa mara moja bila kutoa dalili.

Na jiwe? Hapa ndipo sisi watu wa Mwanza tunapopotea kuliko wengine. Mji wetu umejengwa juu ya mawe na katikati ya mawe, ukitupa jicho popote lipo moja la ukubwa unaoutaka. Jiwe halizami wala halipasuki, kwa hiyo linaonekana ni kitako bora. Tatizo ni kwamba chuma juu ya jiwe hakina cha kung'ang'ania. Ubao unabonyea kidogo chini ya jeki, nyuzi zake zinaingia kwenye mikunjo ya kitako na kukishika. Jiwe halibonyei. Kitako kinasimama juu ya vinundu viwili vitatu tu vya jiwe, na tela likisogea hata unene wa karatasi, kinateleza. Mkwaruzo mweupe ule ulioko kwangu Nyegezi ni hadithi hiyo yote.

Siku ile tuliokolewa na mzee mmoja aliyekuwa anapita na mkokoteni wake wa ng'ombe. Alisimamisha, tukamwamkia, akaitika, akaitazama habu iliyozama na lile jiwe. Hakuuliza kitu. Alichomoa ubao wa nyuma wa mkokoteni, ule unaozuia mzigo, akautupa chini. "Wekeni huu, wanangu. Mtanirudishia mkipita." Tulimrudishia kesho yake, pamoja na sato wawili, na ubao ulikuwa na alama nne za kina za kitako cha jeki. Alama hizo ndizo zilizokuwa zinakosekana kwenye jiwe.

Hata lami usiiamini sana. Saa nane mchana, jua la ukanda huu likiwa limepiga, lami inalainika kiasi cha jeki kuacha shimo. Na mteremko ni bora usijaribu kabisa. Kama tairi limepasukia kwenye kilima, endesha taratibu mpaka ufike tambarare, hata kama tairi na rimu vitaharibika. Vyote viwili vinauzwa.

Swali linalofuata ndilo linalowachanganya watu kuliko yote: jeki iguse wapi?

Kuna chesisi na kuna ekseli. Ukiweka jeki chini ya chesisi, kuna usumbufu wa urefu. Tairi lililoisha upepo limeshusha tela kwa sentimita kama 8. Ukianza kuinua, chesisi inapanda lakini tairi halipandi, kwa kuwa springi zinajinyoosha kwanza. Labda zinakula sentimita 7 nyingine. Tena tairi jipya lina upepo kamili, linahitaji nafasi zaidi kuliko lile bovu lililolala, ongeza 3 za kupitishia mikono. Umefika 18, na jeki nyingi ndogo za chupa haziwezi kunyanyuka kiasi hicho. Hapo ndipo dereva anaposhawishika kuongeza jiwe chini ya jeki na kipande cha mti juu yake, mnara wa vitu vitatu ambavyo hakuna kinachoshikana na mwenzake.

Chini ya ekseli usumbufu huo haupo, kwa sababu tairi linapanda mara jeki inapogusa. Ndiyo maana wengi wanapenda hapo. Lakini ekseli za matela ya kusafiria, yale mepesi ya kukokotwa na gari dogo, mara nyingi ni bomba lenye uwazi ndani, lililotengenezwa kubeba uzito pale springi zinapokaa, karibu na ncha zake. Ukilisukuma kutoka katikati linaweza kupinda kwa kiasi ambacho jicho halioni, ila matairi yanaona: baada ya kilomita elfu kadhaa yanalika upande mmoja, na mwenye tela analaumu barabara. Dexter, kampuni kubwa ya Marekani inayotengeneza ekseli za matela hayo, inakataza katika maelekezo yake kuinua au kuegemeza tela kwenye sehemu yoyote ya ekseli au springi. Inataka uinulie kwenye chesisi.

Je, matela yetu yaliyochomelewa hapa mjini, kwa ekseli nzito iliyotoka kwenye gari kuukuu? Hayo ekseli yake ni ngumu zaidi, na mafundi wengi wanainulia karibu kabisa na yu-bolti zinazofunga springi, pale bomba lilipo na nguvu. Mimi sipendi hata hapo, maana ekseli ya mviringo na kichwa kidogo cha jeki havikai pamoja vizuri. Ninachokishauri ni hiki: mpeleke fundi aliyelichomelea tela akuwekee kibati kinene cha chuma chini ya chesisi, kimoja kila upande, nyuma tu ya mahali springi inaposhikia, chenye kingo nne zilizoinama ili kichwa cha jeki kiingie na kisitoke. Ni kazi ya asubuhi moja. Ukishakuwa na kibati hicho, unajua daima jeki inakwenda wapi, hata usiku, hata mvua ikinyesha, hata kama anayebadilisha tairi si wewe.

Halafu pima. Toa upepo wote kwenye tairi moja, tela likiwa na mzigo, upime kutoka ardhini hadi kwenye kibati. Hicho ndicho kimo cha juu kabisa ambacho jeki yako, pamoja na ubao wake, inaruhusiwa kuwa nacho ikiwa imeshuka. Jeki za chupa za tani nyingi ni ndefu hata zikiwa zimeshuka, nyingine zinazidi sentimita 20. Nimeshaona mtu amenunua kubwa kuliko zote dukani, na siku ya pancha haipiti chini ya tela. Ikabidi wachimbe shimo kwa panga.

Ukishajua ardhi, mahali pa kugusa na kimo, uchaguzi wa aina unajileta wenyewe.

Jeki ya mkasi, inayokunjuka kwa skrubu, inashuka chini sana na haina oili ya kuvuja. Skrubu yake inajifunga yenyewe, ukiacha kuzungusha inabaki palepale. Ila ile iliyokuja na gari lako imetengenezwa kwa ajili ya ukingo wa gari hilohilo, na mara nyingi uwezo wake ni kama tani moja. Kitako chake ni chembamba na miguu yake inayumba kwa upande. Kwa tela jepesi lisilo na mzigo, juu ya ubao, sawa.

Jeki ya gereji, ile ndefu yenye magurudumu inayoburutwa sakafuni, watu wengi wanaiona ndiyo salama kuliko zote kwa sababu ni pana na fundi anaitumia kila siku. Juu ya saruji ni kweli. Lakini tazama inavyoinua: mkono wake unapanda kwa upinde, siyo kwa mstari wima, kwa hiyo kadiri mzigo unavyopanda ndivyo jeki inavyopaswa kujiviringisha mbele ili ikae chini yake. Magurudumu yale madogo ndiyo kazi yake. Kwenye changarawe au udongo hayaviringiki, yanazama. Sasa mkono unaendelea kwa upinde, jeki imeganda, na kinachosogea ni tela au kichwa cha jeki kinachoteleza kwenye chuma. Ukitaka kusafiri nayo, beba na ubao mrefu wa kuitosha yote.

Zile jeki ndefu za reli yenye matundu, zinazofungwa nyuma ya magari ya porini, naziheshimu kwa kunasua gari kwenye matope. Hi-Lift ya Marekani imekuwa ikitengenezwa tangu 1905, na kuna sababu imedumu hivyo. Lakini kwa kubadilisha tairi la tela siitaki. Inasimama juu ya kitako kidogo ikiwa ndefu kama mtoto wa shule, inashika kwa ulimi mwembamba, na wakati wa kushusha, mpini ukikuponyoka unapiga juu na chini wenyewe kwa nguvu ya mzigo. Taya na paji la uso ndivyo vinavyokutana nao.

Wale wanaopita hapa na karavani au matela ya mahema kuelekea Serengeti kwa geti la Ndabaka, wana kitu kingine kinachowadanganya: miguu ya chuma iliyokunjwa kwenye kona za tela. Inafanana na jeki na inazungushwa kama jeki. Kazi yake ni kulituliza tela lisitikisike watu wakiwa ndani wamelala. Haikuundwa kuinua, na ukiilazimisha unapinda mguu au kona ya chesisi. Gurudumu dogo la puani nalo ni la kusawazisha tela lilipofunguliwa kwenye gari, basi.

Mimi leo natembea na jeki ya chupa ya tani 3 yenye shingo ya skrubu ya kurefusha, kimo chake kilichopimwa kwa kibati changu, ubao wa mninga uliofungwa nayo kwa kamba moja ili kimoja kisisahaulike bila kingine, na stendi mbili, yaani miguu ya chuma ya kushikilia tela likishainuliwa. Jeki inasafiri ikiwa imesimama wima. Ukiilaza, hewa inaingia kwenye oili, na siku ya kazi inapampu bila kupanda.

Kwa tela la ekseli mbili ipo pia njia isiyotaka jeki: unapanga mbao pana zilizopigiliwa pamoja mfano wa ngazi, kiasi cha sentimita 12 kwenda juu, unaliendesha tairi zima la upande uleule lipande juu yake, na mara nyingi lile bovu linabaki linaning'inia. Ni njia nzuri kwenye matope. Nati zilegezwe kabla ya kupanda.

Stendi nimezitaja haraka, nazirudia kwa sababu hapa ndipo roho za watu zinapopotea. Jeki inainua, kushikilia ni kazi ya stendi, au gogo zito lililokatwa sawa na kukaa kwa upana. Tela likishafika kimo, weka stendi chini ya chesisi, shusha jeki kidogo mpaka uzito ulale juu ya stendi, ndipo utoe tairi. Kama huna stendi kabisa, sukuma spea chini ya chesisi wakati unafungua tairi bovu, halafu vibadilishane nafasi. Jeki ikiteleza, tela litaangukia mpira na rimu, halitaangukia mguu. Wanaovuta boti wanahitaji hili kuliko wengine wote, kwa sababu hawatumii jeki kwa pancha peke yake. Habu iliyopata moto barabarani ikitumbukizwa ziwani inapoa ghafla na kuvuta maji ndani kupitia sili, na beringi zinaanza kuota kutu. Kila baada ya muda lazima uinue, ufungue, utie grisi. Fanya hivyo nyumbani. Kule mwaloni, boti zinaposhushwa majini, kwenye mteremko wenye utelezi, tela lisiinuliwe hata kwa dakika tano.

Na mpangilio wa siku yenyewe ni huu. Tela libaki limefungwa kwenye gari, hendi breki imevutwa, gia imeingizwa, pembetatu imewekwa nyuma mbali kiasi cha lori kuweza kupunguza mwendo. Kabari mbili kwenye tairi la upande wa pili, moja mbele moja nyuma. Nati zilegezwe nusu mzunguko tairi likiwa bado limekanyaga ardhi, kwa kuwa ukisubiri mpaka liwe hewani utalazimika kuvuta spana kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayolisukuma tela kutoka kwenye jeki. Nami siku ile ya Magu nilifanya kosa hilo: nati mbili zilikuwa na kutu, nikazivuta tela likiwa juu. Nina hakika jeki ilianza kusogea hapo, dakika kadhaa kabla ya mlio ule.

Unapofunga, kaza nati kwa kurukaruka, moja na ile inayoielekea, tairi likiwa limerudi ardhini. Kwa bolti za nusu inchi, zilizo kwenye matela mengi ya kusafiria, kiwango cha kawaida ni kati ya nyutoni-mita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 120 na 160. Kama huna spana ya kipimo, kwa mpini wa sentimita 40 hiyo ni nguvu ya kilo 30 hadi 40 kwenye ncha yake, mvuto thabiti wa mkono. Kijana wa kilo 70 anayesimama juu ya spana hiyo anatia zaidi ya nyutoni-mita 270, na bolti iliyovutwa namna hiyo inakatika baadaye, mahali pasipo na fundi. Ukishaondoka, simama uzijaribu tena baada ya kilomita kama 16, kisha 40, kisha 80, maana rimu inajiweka sawa ikitembea na nati zinalegea. Tulipofika Lamadi nilizijaribu. Mbili kati ya tano zilizunguka robo mzunguko kabla hazijashika.